Kabla Kusi Haijalaza Migomba: Mche Upi Ununue Malindi

Kusi ikishika kasi mwezi wa Juni, simu yangu huanza kulia. Mtu ana migomba thelathini huko Kakuyuni, sita imelala usiku mmoja, mikungu bado michanga, na swali lake ni nguzo za kuegemezea: mikoko au casuarina? Mimi humwambia aache nguzo kwanza, achukue panga, aende kwenye mgomba ulioanguka autazame chini. Mgomba uliovunjwa na upepo hukatika shina. Ulioliwa mizizi hung'oka mzima na tunguu lake, lile shina nene la chini ya udongo, na mizizi iliyobaki ni vipande vifupi vyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Huo upepo umeusukuma tu.

Mwaka jana jirani yangu alibisha. "Mjomba, hii ni kusi, si ugonjwa." Nikamchimbia pembeni mwa mgomba mwingine, uliokuwa bado umesimama na majani yake mazuri tu. Nikatoa mizizi mitano yenye unene wa kalamu, nikaipasua kwa urefu kwa kisu cha jikoni. Mmoja ulikuwa mweupe ndani, kama muhogo. Minne ilikuwa na michirizi ya rangi ya kutu inayopita katikati ya nyama ya mzizi, mwingine mpaka ukawa mwekundu kabisa. Alinyamaza, kisha akauliza: basi ninunue mche gani?

Swali hilo ndilo ninalojibu hapa. Jibu lina ncha mbili, aina ya ndizi na usafi wa mche wenyewe, na watu wengi hununua kwa kutazama ile ya kwanza peke yake.

Mla mizizi ni nani

Ni minyoo wasioonekana kwa macho, nematodi, wadogo chini ya milimita moja. Anayetuumiza zaidi huku chini pwani ni mchimbaji, ambaye wataalamu humwita Radopholus similis. Anapenda joto. Huingia ndani ya mzizi, hula nyama yake akisonga mbele na kutaga mayai humohumo, na kwa joto la kwetu uzao mmoja hukamilika kwa takriban wiki tatu tu. Yupo na mwenzake aliyejikunja kama springi, na yupo minyoo fundo anayeacha vinundu kwenye mizizi, yule yule wa nyanya na mabilingani. Kule milimani kwenye baridi kuna wa aina nyingine anayetawala, kwa hiyo mche uliosifiwa na shemeji yako wa Meru haujajaribiwa na adui wa Malindi.

Hawa hawatembei mbali. Husafiri ndani ya mche. Ukiletewa chipukizi na lori la Taveta au na jirani wa ng'ambo ya Sabaki, unapokea na wageni wake. Na mchimbaji hali ndizi peke yake: tangawizi na manjano ni chakula chake pia, na India wamemkuta hata kwenye mizizi ya mnazi.

Maneno mawili ya kuyapambanua kabla ya kufungua pochi. Mgomba *mkinzani* huwanyima minyoo kuzaana ndani yake, idadi yao hushuka. Mgomba *mvumilivu* huliwa na bado ukazaa, lakini umewafuga, na shamba linalofuata ndilo litakalolipa. Muuzaji husema "huu hauna shida na minyoo" kwa yote mawili.

Mpangilio wangu, kwa shamba ambalo minyoo tayari wamo

Ya kwanza: FHIA-01. Ilizalishwa Honduras, na herufi hizo ni za taasisi ya utafiti ya kilimo ya huko. Katika ukoo wake wamo wajukuu wa Pisang Jari Buaya, ndizi ya kienyeji ya Asia ya Kusini-Mashariki ambayo mchimbaji hashamiri kwenye mizizi yake, na ukinzani huo umerithiwa kwa kiasi cha kutosha. Tena haisumbuliwi na Panama, ugonjwa wa kunyauka, wala na ule ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Shina ni nene, mkungu ni mzito, na ndizi zake zinapikwa mbichi au kuliwa mbivu.

Sasa aibu zake. Ikiiva ina uchachu kidogo, na anayekuja sokoni kutafuta kisukari ataionja akukunjie uso. Ukiikata kabla haijajaa vizuri haina ladha yoyote. Kwa hiyo nipande FHIA-01 nikijua mnunuzi wangu ni nani: mama wa matoke ya nazi, hoteli za Watamu wanaotaka ndizi mbichi za kukaanga, watoto wa nyumbani. Kwa kupikwa mbichi sijasikia malalamiko.

Na tahadhari moja: usinunue herufi. Kuna FHIA-17, FHIA-18, FHIA-23 na nyinginezo, kila moja na wazazi wake na tabia zake. FHIA-17 ni tamu zaidi na ina jamaa ya karibu na ndizi ya Kampala, lakini usidhani itapigana na mchimbaji kama FHIA-01. Muuzaji akikuambia "ni FHIA" muulize namba, na aiandike kwenye risiti.

Ya pili: Yangambi Km5. Jina limetoka kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, kilomita ya tano. Kwa ukinzani peke yake ningeiweka ya kwanza, maana inawagomea mchimbaji na yule wa milimani pia. Mizizi yake ina kemikali na ukuta mgumu ambao mnyoo anaushindwa. Udongo wetu wa mchanga hauitishi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa wa Kagera kule Tanzania ulisambaziwa miche ya FHIA pamoja na hii, kwa sababu hiyo hiyo ya migomba kuliwa na kuanguka.

Nimeishusha kwa sababu ya soko. Ndizi ni ndogo, tamu, lakini ganda ni jembamba mno. Ukiipakia kwenye bodaboda kutoka Jilore hadi soko la Malindi, inafika na alama nyeusi kama imepigwa. Halafu huchipua kama nyasi: usipong'oa wana kila mwezi utapata kichaka badala ya mkungu. Kwa familia na kwa kuuza hapo hapo kijijini, ni mgomba wa kukaa nao miaka. Kwa biashara ya mbali, hapana.

Ya tatu: Williams au Grand Nain kutoka maabara. Hizi ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi, ndizo zinazopendwa na wanunuzi, na ndizo zinazoliwa na mchimbaji kama sambusa. Mbona basi ziko katikati? Kwa sababu mche wa maabara hutoka kwenye chupa ukiwa msafi, na ukiupanda kwenye ardhi ambayo haijawahi kuota mgomba, au iliyopumzishwa vizuri, unapata mavuno kadhaa mazuri kabla minyoo hawajarudi na jembe la kuazima au maji ya mfereji.

Ukiupanda kwenye shimo ulimokufa mgomba wa zamani, umetupa pesa. Tena mche wa maabara huumia kuliko chipukizi, kwa sababu hauna tunguu la akiba. Mizizi yake michanga ikiliwa mwezi wa kwanza, hudumaa hapo hapo. Nimeona shamba zima la Williams Gongoni likiwa na urefu wa magoti baada ya miezi sita, na mwenyewe anamlaumu muuzaji. Muuzaji hakuwa na kosa safari ile.

Ya nne: Kampala na kisukari. Kwa minyoo peke yake si mbaya kuliko Williams. Kampala huhimili kidogo zaidi. Tatizo lao ni Panama, ugonjwa wa kunyauka ambao ukishaingia udongoni hautoki maisha ya mtu. Kama shamba lako halina historia hiyo, na una mteja wa kisukari anayelipa, endelea. Vinginevyo unakimbia mamba ukakutane na chui.

Ya mwisho: mkono wa tembo. Hakuna mgomba unaoanguka kwa mizizi kama huu, na hakuna mgomba ambao pwani itaacha kuupanda. Nani atafuturu bila ndizi za nazi? Mkungu wake mwezi wa Ramadhani una bei yake peke yake. Kwa hiyo sisemi usinunue. Nasema nunua kidogo, ufanye mavuno moja au mawili kisha ung'oe, usiuache ukawa mzee shambani, na mche wake upite kwenye maji ya moto kama nitakavyoeleza. Mimi mwenyewe ninayo minane nyuma ya jiko.

Mche wa namna gani

Wa maabara: KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, na chuo cha JKUAT pale Juja wamekuwa wakizalisha kwa miaka, na kuna vitalu binafsi vinavyoukuza ukubwa wa kupandwa. Huku kwetu kituo cha KALRO ni Mtwapa. Anza kuulizia huko. Hakikisha kitalu kinatambuliwa na KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea. Bei ya mche mmoja wa maabara kwa kawaida hununua machipukizi kadhaa ya jirani, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Lakini ekari moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 haizidi mashimo 450. Anza na hamsini. FHIA-01 na Yangambi hazikai rafuni zikikusubiri. Huagizwa, na kuagiza ni miezi, kwa hiyo anayetaka kupanda masika ya Aprili aongee na kitalu kabla ya Krismasi.

Wa chipukizi: chagua mwana wa sime, mwenye majani membamba, si yule wa majani mapana. Menya tunguu kwa kisu kikali, toa mizizi yote na ganda la nje mpaka libaki jeupe. Ukikuta vijia vyeusi vya fukuzi, mdudu anayetoboa tunguu, vinavyoingia ndani kabisa, tupa. Umenyee hapo hapo ulipong'oa, usibebe maganda hayo hadi shambani kwako. Kisha chemsha maji kwenye pipa lililokatwa, yatokote kweli, uzamishe tunguu lililomenywa kwa sekunde 30 na ulitoe. Sekunde 30 zinatosha. Dakika mbili utakuwa umelipika. Mzee mmoja wa Mambrui hana saa. Anazamisha, anasoma Alhamdu moja bila haraka, akisema Amin anatoa. Nilimpimia kwa simu, ikawa thelathini na moja.

Njia ya zamani ya maji ya nyuzi joto 52 hadi 55 kwa dakika 20 ni nzuri pia, ila inataka kipimajoto na mtu wa kukaa juu ya moto. Ile ya kuchemka ndiyo ya mkulima.

Shimo nalo

Hata FHIA-01 usiirudishe palepale. Ng'oa migomba ya zamani pamoja na matunguu, panda muhogo au viazi vitamu mwaka mmoja, usiruhusu hata kichipukizi kimoja cha mgomba kiinuke katikati. Mchimbaji akikosa mzizi wa kula hufa pole pole, hana subira ya minyoo fundo. Kama tatizo lako ni vinundu, epuka bamia na mabilingani kipindi hicho. Kwenye shimo weka samadi iliyooza ya kutosha. Mwarobaini tunao kila ua: kusanya mbegu, kausha, twanga, changanya kwenye udongo wa shimo. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliutafiti kwa nematodi na fukuzi wa migomba na ukaonyesha kusaidia. Dawa za viwandani za kuua nematodi ni sumu kali kwa mtu na kwa kisima. Sizipangi popote kwenye orodha hii.

Pale kwa muuzaji

Kwa mche wa maabara, omba atoe mmoja kwenye mfuko wake. Mizizi iwe myeupe, mingi, isiyojizungusha mara nne chini ya mfuko. Uliza udongo wa mfuko ulitoka wapi: mche uliotoka chupani msafi kisha ukajazwa udongo wa chini ya mgomba wa kitalu si msafi tena. Kwa chipukizi, omba kuona mgomba mama umesimama, umebeba mkungu, na ruhusa ya kupasua mizizi mitatu.

Mwaka juzi nilienda na pikapu ya kukodi kuchukua miche sabini. Jamaa alinikaribisha vizuri, tukanywa chai, tukakubaliana bei. Nilipotoa kisu akacheka. "Bwana, hapa tunauza migomba, hatuuzi mizizi." Nikamwomba mzizi mmoja tu, hata wa mche mbovu. Akasema atanipunguzia shilingi kumi kila mche nikiacha kuchokora. Dereva alilipwa nauli yake, tukarudi na gari tupu.