Majukwaa ya chuma ya kukodi Tanga: fremu nzuri, pini pungufu

Mafundi wengi Tanga bado wanajenga kwa mirunda, na kwa ukuta wa chini inatosha. Ghorofa ikianza kupanda, kodi chuma. Yadi tuliyoikagua iko Ngamiani. Inapeleka mzigo kwa kirikuu hadi Raskazone na Pongwe, na hufika kwa wakati.

Fremu zenyewe ni nzuri kwa mji wa pwani. Hewa ya chumvi hula bomba kutokea ndani huku rangi ya nje ikiwaka, kwa hiyo macho hayatoshi. Isimamishe fremu, igonge miguu kwa nyundo ndogo kuanzia chini: bomba zima huvuma, lililooza hutoa mlio mzito kama dafu linalogongwa. Chache tulizozikataa zilioza palepale miguuni, mchanga mbichi unapoganda baada ya kazi. Walizibadilisha bila ubishi.

Shida iko kwenye vitu vidogo. Pini za kuunganisha fremu ya juu na ya chini zilipungua, na mahali pengine palichomekwa msumari wa inchi 4 uliokunjwa. Msumari hauzibi tundu. Kusi ikipiga chini ya mbao, au ndoo inayopandishwa ikinasa, fremu ya juu huinuka na kuchomoka. Vitako vya chuma vya miguuni vilikuja, ila bila mbao za kuvilalia. Kwenye udongo wa masika mguu mmoja huzama na jukwaa zima huinama. Tandika ubao wenye upana wa milimita 225 hivi. Kimo cha jukwaa kikizidi mara tatu ya upana wa chini yake, lifungwe ukutani, na vifungio hivyo usipoviomba huletewi.

Reli za pembeni wanazitoza kando. Hapo tunawalaumu waziwazi. Reli ya juu iwe kwenye mita 1 hivi, iwepo ya kati, na ubao wa ukingoni wa milimita 150 ili tofali lisimwangukie saidia fundi. Badala yake wanakupa mkanda wa usalama, ambao kwa kimo kidogo hausaidii: kamba mita 2, kipunguza mshtuko kinaweza kufunguka mita 1.75, kiwiliwili na miguu mita 1.5, na nafasi ya akiba mita 1. Hizo ni zaidi ya mita 6 chini ya pale ulipofunga kamba. Aliyeifunga usawa wa kifua kwenye jukwaa la mita 3 atafika chini kabla kamba haijamsimamisha.

Halafu risiti. Nyuma imepigwa muhuri kwamba mwenye yadi hahusiki na ajali yoyote. Mtu akifa, muhuri huo haumzuii mwendesha mashtaka, maana kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya mkodishaji na mteja wake. Kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni kuua bila kukusudia hata pale mtu anapoacha, kwa uzembe wa kijinai, kutimiza wajibu wa kulinda uhai, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Aliyejua pini hazipo akapakia mzigo, na msimamizi aliyeuona ule msumari akapandisha vibarua, wote wawili wanaweza kujikuta wakihojiwa. Malipo ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hayaifuti kesi hiyo. Wala haiishi kwa sababu familia imepokea ubani na kukubali yaishe nyumbani.

Yadi haina hati ya makabidhiano. Andika mwenyewe kwenye daftari la kaunta: idadi ya fremu, pini, vitako na mbao, kilichokataliwa na sababu, sahihi mbili na tarehe. Kagua tena kila siku 7 na baada ya kila mvua kubwa au upepo mkali, uandike jina la aliyekagua.

Nyota 3 kati ya 5. Reli zikiingizwa kwenye bei ya kawaida tutaongeza ya nne. Kwa sasa, kodi kwao, lakini hesabu pini kirikuu ikiwa bado getini: 2 kwa kila fremu inayopanda juu ya nyingine.