Yashica Mat-124G safarini: Nakuru kwa gari, Kisumu kwa miguu

Niseme mapema: kama safari yako ni ya kutafuta wanyama, usinunue kamera hii. Kama ni ya watu, mawe, miti na vitu vinavyokusubiri umalize kufikiri, endelea kusoma. Nimezunguka nayo Nakuru na Kisumu muda wa kutosha kujua inanipa nini na inaninyima nini, na vyote viwili vinatokana na jambo moja: unaitazamia kwa juu, kichwa umeinamisha, kamera iko tumboni.

Kwa asiyeifahamu, ni kamera ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kutazamia, kwenye kioo kilicho juu ya kamera, ya chini ndiyo inayopiga. Ilitengenezwa Japani kuanzia 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Inatumia filamu ya 120, ile pana yenye karatasi mgongoni, na filamu moja inatoa picha 12 za mraba. Kila negativu ni takriban milimita 56 kwa 56, zaidi ya mara tatu na nusu ya eneo la ile filamu ndogo ya 35mm tuliyopigiwa picha za shule. (Filamu ya 120 ilitolewa na Kodak mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Reli imechoka mara kadhaa tangu hapo. Filamu bado inauzwa.) Uzito wake ni kilo moja na kidogo, na hiyo ndiyo sababu sikuchukua Mamiya RB67, kamera nyingine ya filamu hii hii, ambayo inapita kilo mbili na nusu. Jaribu kuipakata hiyo kwenye matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu, na jirani yako ana kuku.

Nakuru ndiko kamera hii ilikonitesa. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru huruhusiwi kushuka garini ila sehemu zilizotengwa. Sasa chukua kamera ya kutazamia tumboni, keti nayo ndani ya van: unachokiona kwenye kioo ni mlango. Ukisimama paa likiwa wazi, tumbo bado liko ndani. Dawa yake ni ya zamani: unaigeuza juu chini, unainyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, kisha unatazama kioo kutoka chini. Dereva alinitazama weee, mwishowe akauliza, "Boss, hiyo imeharibika?" Njia hiyo inafanya kazi, lakini mikono inachoka upesi, na lenzi ni ya milimita 80 tu, haibadilishwi wala haivuti. Faru wangu ni alama nyeusi kwenye nyasi. Flamingo ni mstari mwembamba upande wa mbali wa ziwa, na siku hizi ni wachache kuliko wale wa kwenye kalenda, maana maji yalipopanda chumvi ilipungua, na chakula chao nacho kikapungua. Wengi hutafuta malisho Ziwa Bogoria.

Lakini maji hayo hayo ndiyo yaliyonipa picha ninazozipenda kuliko zote. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni lilimeza barabara, likafika hata kwenye lango kuu la zamani, na migunga ya ufukweni ikafia ndani ya maji. Bado imesimama, myeupe, bila jani, na minandi wamekaa juu yake wakianika mabawa. Asubuhi kabla upepo haujaanza, kila shina lina mwenzake chini yake majini. Fremu ya mraba inapokea kitu cha namna hiyo bila kubishana. Nilitumia Ilford HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, tundu la lenzi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kwenye negativu unaweza kuhesabu matawi yaliyo mbali sana na gari. Ukifungua tundu hadi f/3.5 pembe za picha hulegea. Kati ya f/8 na f/11 ndipo lenzi hii inapoonyesha ilikotoka. Jua likiipiga usoni inatoa ukungu mweupe, kwa hiyo tafuta kifuniko cha kukinga mwanga.

Menengai, ile volkeno ya Nakuru, nilipita tu. Shimo lenye upana wa kilomita kama 12 haliingii kwenye mraba.

Kisumu ni habari nyingine. Pale ufukwe wa Dunga watu wamezoea wageni wenye malenzi marefu, na wamezoea kuyakunjia uso. Mtu akikuinulia kamera usoni ni kama amekunyooshea kidole. Yashica inakulazimisha kuinama, na aliyeinama ni mtu mwenye adabu, au angalau anafanana naye. Asubuhi, mitumbwi ya omena, dagaa wa ziwani, ikiwa imerudi, nilimkuta mama mmoja akitandaza samaki wake kwenye wavu. Nikamwomba ruhusa.

"Hiyo ni redio ama ni kamera?"

"Ni kamera, Mama. Ya zamani."

"Leta nione."

Akachungulia kwenye kioo, akanyamaza, kisha akaangua kicheko. "Mbona jirani yangu anaenda huku, na humu ndani anaenda kule?"

Ndiyo kasoro yenyewe, kaisema vizuri kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuyasoma. Kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Mtu akitembea, unamfuata upande usio wake. Ukiwa nchi kavu mkono huzoea, lakini ndani ya boti inayoyumba upeo wa maji unainama upande huu, nawe ukiunyoosha unauzidishia. Huko mimi hubonyeza kibao cha mbele cha kofia ya kioo, kinafunguka kuwa dirisha tupu la mraba, nakadiria umbali na kupiga nikitazama moja kwa moja. Yule mama baada ya kucheka hakujipanga wala hakutabasamu kwa ajili ya picha. Aliendelea na omena wake. Shata, kile kilango kinachopitisha mwanga, ni ya lenzini, haina kioo cha kuruka, inatoa mlio mdogo tu, kwa hiyo hakujua nimepiga saa ngapi. Hilo ndilo ninalolilipia.

Kit Mikayi, nje ya Kisumu, nako inafaa sana, yale mawe yaliyopandiana yanajaza mraba wote. Watu huenda pale kusali, kwa hiyo uliza kwanza.

Kipimamwanga cha ndani usikitegemee. Kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya kawaida ya 1.5, sindano inadanganya. Mimi natumia programu ya simu, na mchana sihitaji hata hiyo: jua wazi, filamu ya ISO 400, weka f/16 na kasi ya 1/500 ya sekunde. Uso mweusi chini ya kofia saa saba mchana, fungua hadi f/5.6 bila woga. Jioni ndipo uwe macho. Jua la ziwani huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na giza la ikweta halina subira.

Gharama inauma, sitaficha. Filamu naagiza Nairobi, inakuja na basi la usiku. Chukua bei yake uigawe kwa 12, na bado hujasafisha. Za rangi nalipia. Nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe, na hapo miji hii miwili inatofautiana tena. HP5 kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyoongezwa maji inataka dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi maji ya bomba yanakaribia nyuzi hizo yenyewe. Kisumu maji yanatoka vuguvugu, kwa hiyo natia chupa ya dawa kwenye beseni la barafu kwanza. Barafu ya wauza samaki ni rahisi, ila dawa itanuka.

Ukienda kununua, jua ni mtumba na imezidi umri wa wengi wetu. Fungua mgongo, weka kasi ya sekunde moja, ubonyeze na usikilize: ikisita au isipofunga, grisi imekauka, na matengenezo yake yatazidi punguzo ulilopewa. Mulika tochi ndani ya lenzi zote mbili utafute nyuzi za kuvu, ukiziona, rudisha. Ikishakuwa yako na unaishi karibu na ziwa, usiihifadhi kwenye mkoba wake wa ngozi. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.