Kuwanoa madereva: semina ya yadi au kushuka mteremko wa Kitonga na mkufunzi?

Semina ni rahisi: unamwita mwalimu wa NIT (chuo cha usafirishaji) au VETA (ufundi stadi) yadini, madereva ishirini wanafundishwa kwa mkupuo, kila mtu anarudi kazini mchana. Alama na sheria zinakumbushwa. Ila darasani breki hazipati moto.

Mkufunzi akikaa kiti cha pembeni mkashuka Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, na mzigo, ndipo unamjua anayeingiza gia nzito kabla ya mteremko na anayekanyaga breki mpaka ngoma za magurudumu zinanuka kwa moto. Anasahihishwa palepale. Ni ghali, sikatai. Lori moja, dereva mmoja, siku nzima. Kwa wa pikapu za mjini ningeridhika na semina. Kwa wa malori wanaokwenda Tunduma, mpakani na Zambia, hapana, hata bajeti ikibana.