TAHADHARI: Forester za turbo ambazo magurudumu ya nyuma hayavuti zinauzwa kama 4WD (magurudumu yote manne yanavuta) nzima

Wakuu, kama uko Dar na unatafuta Subaru Forester ya turbo, hasa hizi za modeli ya SG5, otomatiki ya gia nne zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, soma hapa kabla hujatoa advansi. Kuna muuzaji, na sidhani kama yuko peke yake, anayeuza magari ambayo magurudumu ya nyuma yamekatwa yasivute. Kwenye tangazo anaandika "4WD kali, haidai", yaani haina tatizo la kutengeneza. Ukiliendesha kwenye lami hugundui kitu.

Mpwa wangu kauziwa moja. Bei ilikuwa chini kidogo ya soko, si chini kiasi cha kukushtua. Walilijaribu Barabara ya Bagamoyo, Mwenge hadi Tegeta na kurudi, muuzaji kakaa pembeni anaisifia turbo. Lami tupu, hakuna kona ya maana. Masika yalipoanza, gari likamkwamia kwenye kilima cha udongo cha kwenda kwake Madale: tairi za mbele zinazunguka na kurusha tope, za nyuma zimetulia tuli. IST ya jirani ikampita.

Alipompigia muuzaji akajibiwa, "Bosi, Subaru zote ziko hivyo, nyuma zinaingia zenyewe gari likihitaji." Uongo. Kwenye gia boksi hii magurudumu ya mbele yanavutwa moja kwa moja, na ya nyuma yanapata nguvu kupitia klachi ya sahani nyingi iliyoko mkiani mwa gia boksi. Kompyuta inaibana na kuilegeza klachi hiyo kwa solenoidi (vali ya umeme) ambayo mafundi wanaiita Duty C. Hata kwenye lami nyuma hazikatwi kabisa, na mbele zikianza kuteleza klachi inabana zaidi. Gari limezama kwenye tope, mbele zinalia, nyuma zimelala. Lilikuwa linasubiri kuhitaji nini tena?

Ujanja wenyewe uko hivi. Chini ya boneti Subaru waliweka kishikio cha fyuzi chenye maandishi FWD (kuvuta mbele tu), na siku zote kinatakiwa kiwe kitupu. Kazi yake halali ni moja: ukipata pancha ukafunga ile tairi nyembamba ya akiba, unachomeka fyuzi pale, Duty C inapata umeme mfululizo, klachi inaachia, na gari linavuta mbele tu ili klachi isiungue kwa tairi zisizolingana. Dashibodini inawaka taa ya FWD kukukumbusha. Ukirudisha tairi ya kawaida, unaitoa fyuzi. Sasa mwenye gari bovu anaichomeka na kuiacha humo humo, halafu anaiua ile taa.

Fundi wetu alifungua boneti akaikuta fyuzi imekaa pale, mpya kabisa, wakati fyuzi nyingine zote zimepauka kwa vumbi. Dashibodini hakuna taa. Tulipoifungua dashibodi tukakuta kipande cha selotepu nyeusi, kimekatwa kwa wembe na kupimwa vizuri, kimefunika herufi tatu tu. Kilipobanduliwa, FWD hiyo ikawaka. Aliyefanya kazi ile alikuwa anajua anachofanya, kwa hiyo msije mkaniambia muuzaji naye labda hakujua.

Kisha fyuzi ikatolewa. Kwenye sakafu kavu, usukani umekatwa hadi mwisho, gari likasogezwa taratibu: likaanza kujikaza, linaruka ruka, tairi zinalalamika, utadhani mtu kavuta handibreki. Fyuzi ikirudishwa, linapita laini kabisa. Huo ndio ugonjwa uliokuwa umefichwa: klachi ya nyuma haiachii kwenye kona.

Jaribio hilo la fyuzi likumbukeni, maana fundi asiyelijua atakuuzia gia boksi nzima. Ukichomeka fyuzi na gari likaacha kujikaza, maana yake umeme unafika na solenoidi inaitika, kwa hiyo tafuta kwenye tairi, haidroliki (oili) ya gia boksi, au klachi yenyewe. Fyuzi ikiwemo na bado linajikaza, anza na solenoidi na waya zake. Na ukichomeka fyuzi taa ya FWD isiwake kabisa, huenda kuna mtu kaichezea.

Kwa gari la mpwa, tairi za mbele zilikuwa mpya na za nyuma mtumba zilizokwisha, za kampuni tofauti. Subaru wanataka mizingo ya tairi zote nne isipishane zaidi ya milimita 6 hivi, vinginevyo klachi inasuguana muda wote hata gari likienda moja kwa moja. Haidroliki ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Tuliweka tairi nne za aina moja na haidroliki mpya, nafuu ikapatikana kidogo tu. Ikabidi mkia wa gia boksi ufunguliwe, kazi inayofanyika bila kuishusha gia boksi nzima, ingawa kuna gereji mbili zilitaka kuishusha. Ndani, meno ya sahani za klachi yamechimba mifereji kwenye drumu (kikombe kinachozishikilia). Nikipitisha ukucha unakwama. Sahani zikishaingia kwenye mifereji ile hazirudi upesi, ndiyo maana gari linang'ang'ania kona.

Wapo pia wanaochomoa propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, kabisa. Lala chini uangalie: propela itoke mkiani mwa gia boksi hadi kwenye difu ya nyuma, na draivu shafti za nyuma ziwepo zote mbili. Ukikuta mkia wa gia boksi umezibwa kwa kifuniko na silikoni, usiulize swali la pili. Kwa manyuo (gia za mkono) hakuna fyuzi hii. Zenyewe zina sentadifu (difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma) yenye visikasi (kiungo chenye kimiminika kizito), na ikichomolewa propela gari likaendelea kutembea, ama sentadifu imechomelewa ama visikasi inaungua unapoendesha. Otomatiki za VTD, mfumo mwingine wa Subaru wa kugawa nguvu mbele na nyuma, nazo hazina kishikio cha FWD, usipoteze muda kukitafuta.

Unapokwenda kuliona gari, omba kona kali za taratibu kwenye sakafu kavu, kulia na kushoto, kisha mtafute sehemu ya udongo au mchanga uanze kwa nguvu kidogo huku mwenzako akiangalia tairi kutoka nje. Msije mkainua magurudumu mawili kwa jeki na kuweka gia ili kupima. 4WD ikiwa nzima, gari litaruka kutoka kwenye jeki. Ama yote manne yawe hewani kwenye lifti, ama acha. Kwenye mkataba kwa wakili andikisheni wazi kwamba magurudumu yote manne yanavuta, si "gari limeuzwa lilivyo".

Jina na namba yake siweki, suala lipo kwa wakili. Ila dalili zake ni hizi: anakutana na wateja jioni, hataki gari lipelekwe gereji asiyoiteua yeye, njia ya kujaribia anachagua mwenyewe na ni lami mwanzo mwisho, na ukigusa boneti anawahi kukushikia kifuniko cha oili akuoneshe injini ilivyo safi. Wiki hii ametangaza Forester nyingine mbili, moja ya fedha na moja nyeusi, maneno ni yale yale: 4WD kali, haidai.