Goldberg Variations ya Kimiko Ishizaka: ya bure, na sio ya kubahatisha

Jamani hii albamu nimeisikiliza mwezi mzima sasa, asubuhi kwenye daladala na usiku kabla ya kulala, acha niseme. Ni Goldberg Variations za Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, anapiga Kimiko Ishizaka kwa piano, ilitoka 2012 na ni bure kabisa, yaani watu walichanga hela mapema, akarekodi Berlin, kazi ikaachiwa umma moja kwa moja. Unapakua, unamrushia mwenzako, unaiweka kwenye video yako, hakuna wa kukuuliza. Noti zake za muziki zilizoandikwa pia bure. Mi imenila bando tu.

Piano ni Bösendorfer Imperial, ile yenye vitufe 97 wakati za kawaida zina 88, na bezi yake imeshiba kweli kweli. Na bezi hapa ndio mpango mzima, maana Bach hakuchezea melodi ya Aria, ule wimbo wa kufungulia, alichukua mwendo wa bezi yake akajenga vipande 30 juu yake. Ukisikilizia spika ya simu umekosa nusu ya muziki, tafuta hedifoni hata za bei chee.

Sasa Bach alipoitoa 1741 aliandikia harpsikodi yenye safu mbili za vitufe, ile ambayo nyuzi zinadonolewa, mi sauti yake inanikumbusha kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab. Kwenye piano safu ni moja kwa hiyo mikono inapandana, sikiliza namba 20 uone kazi ilivyo, lakini Ishizaka anapita humo bila papara na kila sauti unaisikia imesimama yenyewe. Wengi watakwambia anza na rekodi ya mpiga piano Glenn Gould ya 1955. Ni moto, sikatai, ila anamaliza yote kwa dakika 38 hivi, mgeni ataachwa njiani. Mwache Gould awe wa pili.

Halafu ukishaizoea piano nenda kwa mpiga fidla Dmitry Sitkovetsky, aliipanga upya miaka ya 80 kwa fidla, viola na selo. Hapo ndio nilielewa zile kanoni. Kila kipande cha tatu mpaka namba 27 ni kanoni, sauti moja inaanza nyingine inaifuata nyuma na wimbo ule ule, kama mwalimu wa kwaya akigawa darasa, upande huu waanze na ule wafuate. Kwenye piano inabidi utege sikio, kwenye nyuzi ni watu tofauti kabisa wanafuatana, huwezi kuwachanganya. Na namba 25, ile ndefu ya huzuni! Piano ukishagonga sauti inaanza kufa pale pale, fidla inaivuta noti mpaka unasahau kupumua, kwa hiyo hiyo moja nawapa wenye nyuzi.

Lakini namba 30 narudi kwa Ishizaka. Bach kachomeka humo nyimbo za mtaani za Ujerumani enzi zake, mmoja ni wa mtu anayelalamika kabichi na tanipu zimemfukuza, mama angepika nyama angekaa zaidi. Sikujua hilo wiki ya kwanza. Sasa ikifika pale natabasamu mwenyewe kwenye daladala, halafu Aria inarudi taratibu vile vile ilivyoanza, na kituo changu huwa kimeshapita.