Mizani ya ndoano ya kilo 50: naipenda, lakini hii batani ya UNIT imenikera

Haya watu wangu, assalam aleykum, tuko Malindi kama kawaida na leo ni hii mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya dijitali ya kilo 50 mnayoiona kila duka la vifaa. Mambo ya betri, taa ya skrini, ndoano ya chuma mnayajua, tunaruka. Mizani yenyewe nzuri, wallahi naipenda, ila kuna batani hapa lazima muione kwa macho yenu.

Kwanza tuijaribu. Huu mtungi nimeupima mtupu, gramu 560, nikaandika ubavuni kwa makapeni. Sasa natia maji, chupa ya lita moja mara kumi, maji matamu si ya bahari, maana lita moja ya maji ni kilo moja, hapo huhitaji mtaalamu. Naning'iniza kwa tawi la mwembe... ngoja, kusi linavuma, mzigo ukiyumba haishiki namba... haya, imeshika. 10.60. Toa mtungi, inabaki 10.04. Kwa mizani ya bei hii, gramu 40 kwa kilo 10, mimi sina neno.

Sasa songa karibu na kamera. Batani hii ni TARE, ya kutoa uzito wa chombo, na hii ni UNIT, ya kubadilisha kipimo. Zote nyeusi, zote ndogo, zimebanana hata kidole changu kinazifunika zote mbili. Una haraka, mkono una utomvu wa korosho, unabonyeza unadhani umetoa ndoo. Tazama. Naminya UNIT mara moja: 23.37. Hizo ni paundi. Naminya tena: 21.20. Hii ndio mbaya zaidi jamani, hii ni jin, kipimo cha Uchina, jin moja ni nusu kilo, yaani mzigo ni uleule wa kilo 10.6 na unasomewa 21! Na alama yenyewe iko pembeni hapa, kadogo kama sisimizi, juani huioni. Halafu nazima, nawasha... bado jin. Haikurudi kwa kilo.

Kwa nini nalia hivi? Kuna mtazamaji wetu mkulima wa kahawa kule Kirinyaga, shamba dogo, aliuliza atajuaje mavuno yake ya kweli badala ya kukisia kwa debe. Ndugu yangu, debe ni ujazo, mmoja anajaza hadi kilima mwingine anasawazisha na mkono, kesho mnabishana. Na kahawa haiivi siku moja, unachuma, unarudi, unachuma tena, kwa hiyo mavuno ya msimu ni jumla ya mizigo mingi midogo. Siku mbili tu ukiandika jin ukidhani kilo, daftari lote limeharibika na hutajua ni wapi. Na hesabu inaendelea mbele, cheri, yaani matunda ya kahawa yaliyoiva, zinahitaji kama kilo 6 au 7 kupata kilo moja ya kahawa safi, zile punje kavu zilizokobolewa, sasa ukianza na uongo utategemea pesa ambayo haipo.

Kwa hiyo pima palepale shambani kabla mzigo haujaenda faktori, ukishachambua, na kama mvua imenyesha acha maji yachuruzike kwanza maana nayo yana uzito. Mbuni, ile kahawa inayokaushwa na ganda lake, iandike ukurasa wake. Mwisho wa msimu gawanya kwa idadi ya miti uliyoihesabu mwenyewe, ekari za kukisia hapana. Na usihukumu mti kwa mwaka mmoja, kahawa ikizaa sana mwaka huu mwakani hupumzika.

Sisi huku na korosho ni yaleyale, unaokota zilizoanguka leo, keshokutwa tena. Kuna mnunuzi mmoja alikuwa akiniondolea nusu kilo kila gunia, ati ni uzito wa gunia, nikampimia gunia tupu mbele yake na hii hii mizani, akanyamaza akalipa. Lakini jueni, hii ni ya daftari lako. Mizani ya biashara kisheria lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na watu wa vipimo, usije ukaanza kuuzia watu na hii.

Mtaniuliza ile ya springi yenye mshale. Haina betri, haina UNIT, hilo naipa. Lakini springi huchoka, mshale haurudi sifuri, na mistari yake mipana mno kwa ndoo ya kilo tano. Mimi sirudi huko.

Bei, niliipata chini ya elfu moja na mia tano, mkiambiwa elfu tatu ondokeni. Ukishanunua, kata kipande cha seloteipu nene, kadibodi ndogo chini yake, funika UNIT kabisa hivi... sasa jaribu kuminya, haiingii. Chumvi ya huku inakula ndoano, ipake mafuta kidogo.

Video ijayo ni kipima unyevu, tuone kama kweli kinajua mahindi yamefika asilimia 13.5 ya kuweka ghalani, na laivu yetu imehamia Ijumaa baada ya Isha. Kama mizani yako ukiizima inarudi kwa kilo yenyewe, niandikie kwa komenti ni aina gani, naitafuta hiyo.