Duka la gesi la Kabwe: mizani iko mbele ya mteja

Nina mgahawa mdogo Mwanjelwa, na kwa miaka 12 nimepikia mkaa. Masizi yalijaa darini, na mwezi wa saba baridi ya Mbeya ikibana tunafunga madirisha, moshi tunauvuta wenyewe. Binti anayenisaidia kupika alikuwa anakohoa kuanzia Juni mpaka Agosti.

Gesi niliijaribu 2021 nikaiacha. Bei niliimudu. Tatizo, duka nililokuwa nanunua halikuwa na mizani, na mtungi wa kilo 15 niliokuwa napikia siku 9 ukaanza kuisha siku ya 6. Nikiuliza naambiwa, "Mama, unaacha jiko wazi." Nikarudi kwenye mkaa na uchungu wangu.

Hapa Kabwe, siku ya kwanza kijana aliniamkia, akaubeba mtungi akaupandisha kwenye mizani kabla sijafungua mdomo. "Soma mwenyewe, mama." Kwenye shingo ya mtungi kumegongwa uzito wake ukiwa mtupu: 15.4. Mizani ikasoma 30.4. Toa, zinabaki kilo 15 kamili. Lakiri akaikata mbele yangu, na alipokuja kunifungia akapaka povu la sabuni kwenye maungio kuangalia kama gesi inavuja. Risiti nikapewa bila kuomba. Mizani yenyewe ina stika ya Wakala wa Vipimo.

EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, wanataka muuza gesi awe na mizani na ampimie mteja akiona. Agizo lisilo na msimamizi halijazi mtungi wa mtu. Kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 mpaka 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi kufikia 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mimi silishi watu 100 kwa siku, hakuna aliyenilazimisha. Nimehama kwa sababu kilo ninayolipia naipata.

Na biashara imebadilika. Nikijua mtungi unakwenda siku 9, najua sahani ya wali nyama inanigharimu kiasi gani. Hela iliyokuwa inapotea nimenunulia unga, sasa asubuhi nauza chapati na nimeongeza msaidizi mmoja. Baridi ya mwaka huu yule binti hakukohoa. Hilo peke yake lingenitosha. Maharage tu ndiyo bado yapo kwenye mkaa, jiko moja, nje.

Kasoro yao ni kuchelewa kuleta. Jumamosi moja gesi ilikata wali wa Kyela haujakauka, wateja wamekaa, bodaboda wao akafika baada ya dakika 50. Waongeze mtu wa pili. Jumapili wanafunga saa 8 mchana, kwa hiyo mama lishe wenzangu, mtungi wa akiba uchukueni mapema.